Fremu ya Inchi Ishirini na Sita

Nyasho, Musoma
10 Februari 1985

Dada Mbuke,

Pokea salamu zetu. Marcelina hajambo, watoto hawajambo, isipokuwa mdogo ana kikohozi cha vumbi. Sabuni ilionekana dukani wiki iliyopita, tukapanga mstari tangu asubuhi, ikaisha watu watano mbele yangu. Dagaa tunashukuru wapo.

Juzi nilikwenda Butiama kumwona mama. Mguu umeacha kuvimba na ameanza kupalilia mwenyewe. Aliuliza habari zako mara tatu. Anasema tangu shemeji Wanzagi afariki, mwaka na nusu sasa, haelewi unakaa Bunda kwa ajili ya nini. "Shamba lake liko huku, mama yake yuko huku, yeye anakaa na vyuma vya marehemu." Nikamwambia karakana ya baiskeli ya shemeji bado inafanya kazi, kwamba fundi Burito ni mtu mwaminifu na wewe unasimamia tu. Akarudi kwenye jembe lake. Unamjua.

Sasa jambo lenyewe. Unajua shule yangu iko kilomita tisa kutoka hapa nyumbani. Gari la abiria tulilokuwa tunategemea limekosa vipuri tangu Desemba, kwa hiyo natembea. Nimechelewa siku nyingi na mwalimu mkuu amekwisha kuniandikia barua mbili. Ya tatu inakwenda wilayani. Mungu si Athumani, nimepata kibali cha kununua baiskeli moja, mwisho tarehe 31 Machi. Nikaenda kuziangalia. Dada, ni ndogo! Nilipokaa, magoti yaligonga usukani. Mwenye stoo alicheka mpaka akaita wenzake. Mimi ni futi sita na inchi tano, nitafanyaje?

Niulizie kwa fundi Burito: niichukue nikainue kiti, au niache?

Mdogo wako,
Enoka

*

Bunda
24 Februari 1985

Enoka mdogo wangu,

Barua imefika. Huku mvua imekuja vizuri na pamba za watu zimesimama. Kikohozi cha mtoto mpe maji ya moto yenye chumvi kidogo. Mama mwambie nipo, nakula, nalala.

Habari ya baiskeli. Fundi anasema usinunue kitu kabla ya kupimwa. Anasema watu wanapimwaga nguo, hata viatu wanajaribu, lakini baiskeli wanachukua yoyote halafu wanalalamika mgongo. Urefu wa mtu mzima haumwambii kitu. Anataka urefu wa mguu. Samahani kwa ninayoandika, wewe ni mume wa mtu na mimi ni dada yako, lakini ni maneno ya fundi: simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu ukipandishe mpaka kisipande tena, kama umekalia kiti. Marcelina aweke alama ukutani pale juu ya kitabu. Pima kutoka alama mpaka chini.

Pima pia mkono, kutoka begani mpaka kwenye kiganja ukiwa umekunja ngumi. Na anauliza: ukitembea sana, unaumwa goti mbele au nyuma?

Usicheke. Pima.

Dada yako,
Mbuke

*

Nyasho, Musoma
9 Machi 1985

Dada,

Huku tuko salama na mtoto amepona. Mama nimemwambia unakula na kulala. Akauliza, "Na mchana?"

Nimepimwa. Marcelina alicheka hadi mkaa ukamdondoka, ukuta una alama tatu na moja tu ndiyo ya kweli. Mguu ni inchi thelathini na saba. Mkono ni inchi ishirini na saba. Goti linauma mbele, na tangu nilipoazima baiskeli ya jirani wa Kitaji kwa siku nne linauma zaidi, hata ngazi za ofisi ya elimu nazipanda nikishika ukuta.

Dada, huyo fundi ni mtu wa namna gani? Hajaniona, yuko Bunda, na ameuliza goti kabla sijataja goti. Nimesoma barua yako mbele ya walimu wenzangu chumba cha walimu, wote wakaomba kuiona. Mpelekee salamu zangu za heshima.

Kibali kina wiki tatu tu. Nangoja neno lake.

Enoka

*

Bunda
22 Machi 1985

Enoka,

Sisi wazima. Nimechelewa kwa sababu sanduku la posta ni la parokia, na mwenye ufunguo alikuwa amefiwa Serengeti.

Fundi anasema hivi: usichukue ile ya kibali. Fremu za kibali mwaka huu zote ni inchi ishirini na mbili. Wewe unataka ishirini na sita, au ishirini na nne kwa shida. Mtu akiinua nguzo ya kiti juu sana, inabaki sehemu fupi ndani ya bomba, na ile sehemu ndiyo inabebaga uzito wote. Lazima vibaki ndani vidole vinne. Ukipunguza hapo utaanguka, si labda, utaanguka. Na hata isipovunjika, kiti kikipanda usukani unabaki chini, utaendesha umeinama kama unatafuta sindano.

Kuna fremu. Mzee mmoja, Luhende, anayelima pamba njia ya kwenda ziwani, aliachiwa na padri mmoja mrefu kuliko wewe. Ameiweka juu ya banda la kuku ili mwewe waogope. Haina magurudumu, imepata kutu, lakini bomba zimenyooka, zimepimwa kwa uzi. Hataki kuiuza kwa pesa, anataka baiskeli zake mbili zitengenezwe kabla ya msimu wa pamba. Kazi hiyo imeanza.

Subiri. Najua unatembea. Subiri.

Mbuke

*

Nyasho, Musoma
19 Mei 1985

Dada,

Salamu kwa wote. Sisi tupo. Mama yupo.

Barua yako ya Machi ilifika tarehe 18 Aprili. Kibali kilikuwa kimekwisha Machi, nami nilikuwa nimeshanunua. Inakwenda tu, usiwe na wasiwasi.

Mshukuru fundi kwa shida aliyoipata.

Enoka

*

Bunda
2 Juni 1985

Enoka,

Huku wazima.

Mwandiko huu si wako. Wewe ni mwalimu, herufi zako zinasimama kama wanafunzi gwaride. Hizi zimelala upande. Umeandika kwa mkono wa kushoto.

Uliweka bomba la maji badala ya nguzo ya kiti. Ulikata lenye urefu wa mkono mzima, ukaliingiza kidogo kwenye fremu, likabana vizuri ukafurahi. Lilikwenda wiki mbili, tatu. Likakatika kwenye mteremko au kwenye shimo, ukaangukia mkono.

Nimekosea wapi?

Sikukasirikii. Barua ndiyo iliyochelewa. Lakini usiniandikie tena "inakwenda tu".

Mbuke

*

Nyasho, Musoma
23 Juni 1985

Dada yangu,

Namshukuru Mungu naandika tena kwa mkono wa kulia, ingawa polepole. Marcelina anakusalimu, amenisimamia niseme kila kitu.

Hujakosea popote, ila haikuwa mteremko wala shimo, ilikuwa mbele ya wanafunzi wangu kwenye geti la shule. Bomba lilikatika nikakaa kwenye chuma kilichobaki. Mkono ulitoka sehemu yake, na paja lilishonwa nyuzi saba. Watoto hawakucheka, ndipo nikajua nimeumia. Siku kumi na tisa sikufundisha. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimeonywa, na aibu ni mbaya kuliko nyuzi. Goti nalo lilikuwa limeniua kabla ya hapo.

Magurudumu ya ile baiskeli ni mazima kabisa.

Sasa na mimi nina swali. Alhamisi iliyopita nilikuwa stendi ya Musoma, nikaona mtu anapakia sururu na karai kwenye lori. Burito! Nikamkimbilia, nikamshika mkono kwa mkono wangu mzima, nikasema, "Fundi, nakushukuru kwa kila ulichoniandikia." Akanitazama kama mgonjwa. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeacha Bunda tangu Novemba. Niko kwenye machimbo ya dhahabu. Sijaandika kitu." Nikamuuliza habari ya fremu ya padri. Hajawahi kuisikia.

Dada, barua zote zinasema "fundi anasema". Fundi gani?

Enoka

*

Bunda
14 Julai 1985

Enoka,

Nimeanza barua hii mara nne.

Fundi ni mimi.

Siku moja Burito aliondoka tu, aliacha ufunguo dirishani. Kulikuwa na baiskeli sita za watu ndani. Nikasema nitawarudishia wenyewe zikiwa mbovu vile vile. Halafu nikaangalia ya kwanza, nikaona tatizo. Ningeachaje kuligusa na nimeliona? Wanzagi alipokuwaga anafanya kazi mimi ndiye niliyeshika taa, nikampa spana, miaka tisa. Alikuwa hanifundishi, lakini macho yangu yalikuwa wazi. Zile sita nikazimaliza kwa siku nane. Wenyewe walikuja, nikawapa, wakasema, "Burito ameendelea." Sikuwajibu. Tangu hapo nafanya kazi mlango ukiwa umerudishwa, na mteja akija nasema fundi katoka, acha hapo.

Sikukuambia kwa sababu ungemwambia mama, na mama angesema ndiyo maana, rudi nyumbani, mikono ya binti yangu imekuwa ya dereva. Na wewe ndiye mwanaume wa nyumba yetu. Ungekuja kunichukua, ningekufuata kwa heshima, na moyo wangu ungebaki hapa.

Sasa imejulikana. Shemeji Mseti, mdogo wake marehemu, alisukuma mlango Jumatatu akanikuta nimelala chini ya baiskeli ya posta, grisi mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe." Ameita kikao cha ukoo wao Jumamosi tarehe 10 Agosti, hapa hapa karakana. Anataka vifaa vyote viende kwake, kwa sababu duka la fundi bila fundi ni aibu kwa jina la ndugu yake.

Sikuiti. Nakueleza tu.

Fremu ya padri ninayo. Nimeisugua kwa mchanga na mafuta, chini ya kutu ni kijani.

Mbuke

*

Nyasho, Musoma
25 Julai 1985

Fundi,

Tarehe 9 Agosti nitapanda lori la pamba kuja huko. Nitakuwa na magurudumu mawili, mnyororo, pedali na breki. Mengine unayo. Usifanye kitu mpaka nifike, na usiwape spana hata moja.

Mdogo wako anayejivuna,
Enoka

*

Nyasho, Musoma
18 Agosti 1985

Dada Mbuke,

Nimefika salama, mzima wa mgongo, mzima wa goti. Marcelina ameizunguka baiskeli mara mbili akauliza kama itaingia mlangoni.

Nilipita Butiama kama tulivyokubaliana. Mama alitaka kikao chote neno kwa neno, na sasa nakuandikia nilivyomweleza, ili mkikutana maneno yetu yasipishane.

Nilimwambia walikuja wanaume saba na wakakaa kwenye magogo, na mkubwa wao ni Mzee Mihayo. Mseti alisema vizuri, sitamsingizia. Alisema, "Kaka yangu alikuwa fundi. Sasa fundi hakuna. Vifaa vinaoza. Shemeji tunampenda, lakini hii si kazi yake." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mzee Mihayo ndiye aliyeuliza, "Mimi baiskeli yangu nililetaga hapa mwezi wa tano. Mnyororo ulikuwa unatoka kila mlima. Aliyetengeneza ni nani?"

Nikakuangalia wewe, nikaona unakunja kanga kwenye vidole. Nilitaka kukujibia, nikajizuia mpaka meno yakauma. Ukasema, "Ni mimi, mzee."

Mseti akacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Basi tengeneza nyingine, niione."

Hapo mama alishika mkono wangu. Nikamwambia: Mbuke akavua kandambili, akaivuta katikati yao ile fremu ya kijani, magurudumu yamefungwa usiku wa jana yake. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kidogo safarini kwenye lori, mimi sikujua. Yeye aliligeuza mara moja tu akajua. Akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akalizungusha, pale palipopinda chaki ikaandika. Akakaza spoku moja, akalegeza ya jirani, akazungusha tena. Alifanya hivyo mpaka chaki ikawa haigusi kitu. Wanaume saba hawakusogea. Mmoja alikuwa ameweka ugoro kiganjani, akasahau kuuvuta.

Halafu ukaniita. "Panda." Nikapanda, umeishika. "Weka kisigino kwenye pedali ya chini. Nyoosha goti." Halikunyooka. "Shuka." Ukainua kiti, ukaniambia nihesabu vidole vilivyobaki ndani ya bomba: vilikuwa vitano. "Panda tena." Goti likanyooka. "Sasa weka mbele ya nyayo." Likakunjika kidogo tu. Ukainua usukani ukalingana na kiti, ukaniambia niugeuze kushoto na kulia. Haukugusa goti. Miaka thelathini na moja nimeishi, sijawahi kukaa juu ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili yangu. Kitanda changu ni kifupi, mlango wangu ni mfupi, dawati la shule ni fupi. Nilitaka kulia mbele ya mashemeji.

Mseti akasema, "Mwanaume mzima anaambiwa panda, shuka, na dada yake." Nikamjibu, "Shemeji, niliyojipandia mwenyewe ilinipa nyuzi saba. Nikuonyeshe?" Mzee Mihayo akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Halafu akasema yale maneno, na mama alinifanya niyarudie: "Marehemu alikuwa fundi mzuri. Lakini huo mnyororo aliutengeneza miaka mitatu ukawa unatoka. Tangu mwezi wa tano haujatoka. Mseti, vifaa vibaki. Kama una baiskeli mbovu, ilete."

Mseti alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Hilo mama sikumficha.

Alipomaliza kusikiliza, mama alipangusa mikono kwenye kanga. Nikajua sasa atasema urudi. Akasema, "Mwambie asilale chini kwenye sakafu yenye baridi akitengeneza. Atandike gunia." Ametuma gunia. Liko kwangu, litakuja na lori.

Kutoka Bunda nilitoka asubuhi na upepo ulikuwa nyuma yangu. Sikusimama mpaka njia panda ya Butiama, na niliposimama ni kwa sababu ya ng'ombe. Jumatatu niliingia shuleni kabla ya mwalimu mkuu. Alinikuta mlangoni, akaangalia saa yake, akaigonga kwa kidole.

Siwezi kukushukuru kwa karatasi.

Enoka

*

Bunda
6 Oktoba 1985

Enoka mdogo wangu,

Gunia limefika, na sato wakavu wa Marcelina pia. Mwambie waliliwa siku ile ile. Mama ameniandikia barua kwa mkono wa katekista, maneno matano: "Nasikia kazi yako. Kula vizuri." Nimeiweka kwenye boksi la spana.

Wateja wapo. Siku hizi mlango nauacha wazi. Wengine wanageuza wakiniona, wengine wanakaa. Muuza duka wa hapa amepata ruhusa ya kuingiza bidhaa, ameleta matairi kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo sishoni tena tairi kwa kamba ya ngozi. Amekuja pia muuguzi mmoja mfupi, Getruda, akasema ameambiwa kuna fundi anayepima watu kwanza. Yeye shida yake ni kinyume cha yako, anaendesha kwa ncha ya vidole. Tumekuwa marafiki.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Wanzagi. Mimi sikuwa najua kuendesha baiskeli. Miaka yote hiyo, na hizi zote nilizotengeneza, nilikuwa nazijaribu kwa kuzisukuma. Hata ile yako. Nilipokuona unaondoka njia ya Musoma, mgongo umenyooka, nilisimama barabarani mpaka nikaambiwa na watu wa mkokoteni nisogee. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na wivu.

Nikamwambia Getruda. Jana akanipeleka, na baiskeli yake niliyoitengeneza, kwenye barabara ya jineri, pale wanapochambua pamba; asubuhi mizigo haijaanza kuja kwa hiyo hakuna lori. Akashika kiti nyuma, nikakanyaga. Nikaanguka mara mbili kwenye majani. Mara ya tatu nikaendelea, nikamwambia, "Usiniachie." Sikusikia jibu. Nikageuza macho kidogo, Getruda yuko mbali kule, ameweka mikono kichwani, anaruka ruka.

Enoka, nilikuwa nakwenda! Upepo uliingia kwenye kanga. Nilisikia mnyororo wangu mwenyewe, hauna kelele. Nikapita jineri, nikapita wanawake wa mihogo, wakapiga vigelegele. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijafundishwa kushuka. Breki nimezifunga kwa mikono yangu mamia ya mara, na vidole vilikataa kuzikumbuka. Mbele ni mteremko wa daraja. Nikaanza kupiga kelele.

Mtu alikuwa anakuja upande wa pili anasukuma baiskeli yenye gurudumu la nyuma lililokunjika kama chapati. Akaitupa. Akasimama katikati ya njia, akashika usukani wangu kwa mikono yote miwili, akaburuzwa hatua nne au tano, akasimama. Na mimi nikasimama. Alikuwa shemeji Mseti.

Tukatazamana. Anahema, mimi nahema. Viatu vyake vimejaa vumbi. Hatujasalimiana tangu kikao.

Akainama, akaangalia breki zangu, akazibana moja moja akaona zinafanya kazi. Kisha akanyoosha kidole kwa ile yake iliyolala barabarani.

"Fundi," akasema, "nilikuwa naileta kwako."

Mbuke